Dai moja, mipango mingi: jaribio lipi litakupa jibu la kuaminika?

Mwaka 1954 mamia ya maelfu ya watoto wa Marekani walichanjwa dhidi ya polio katika jaribio ambalo, kusema kweli, lilikuwa majaribio mawili yaliyovaa jina moja. Wahusika hawakukubaliana juu ya namna ya kulipanga. Katika baadhi ya maeneo, watoto wa darasa la pili ambao wazazi wao waliridhia walipewa chanjo, na wenzao wa darasa la kwanza na la tatu wakaachwa bila kitu ili wawe kundi la kulinganishia. Kwingineko, watoto wote ambao wazazi wao waliridhia waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakadungwa chanjo, nusu wakadungwa kimiminika kisicho na chanjo ndani yake. Si mtoto, si mzazi, si daktari aliyejua nani kapata nini.

Chanjo ilikuwa ileile ya mtafiti Jonas Salk, ugonjwa uleule, mwaka uleule. Ni mara chache mno mipango miwili kupimana nguvu waziwazi namna hiyo, na ndiyo maana mtu akiniuliza "jaribio langu nilipangeje?" huwa naanzia hapo. Haya ndiyo matokeo, kwa idadi ya waliougua polio katika kila watoto 100,000:

| | Mpango wa madarasa | Mpango wa bahati nasibu |
|---|---|---|
| Waliochanjwa | 25 | 28 |
| Kundi la kulinganishia | 54 | 71 |
| Ambao wazazi walikataa | 44 | 46 |

Utazame mstari wa katikati. Makundi yote mawili ya kulinganishia hayakupata chanjo. Kwa nini basi moja liugue kwa 54 na jingine kwa 71?

Jibu limo katika mstari wa tatu. Watoto ambao wazazi wao walikataa chanjo waliugua kidogo kuliko wale walioridhiwa wakapata kimiminika kitupu. Inashangaza, lakini ina sababu. Familia zenye uwezo ndizo zilizoridhia zaidi, na watoto wa familia hizo, waliokulia katika usafi mwingi, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya polio. Mtoto wa mazingira machafu huvipata virusi angali mchanga, kinga ya mama ikiwa bado mwilini, akapona bila mtu kugundua. Yule wa nyumba safi huvipata amekua, hana kinga yoyote. Sasa mpango wa madarasa ulilinganisha watoto walioridhiwa wa darasa la pili na watoto wote wa madarasa mengine, walioridhiwa na ambao wangekataliwa humohumo. Kundi la kulinganishia likawa na watoto wengi wenye hatari ndogo, na chanjo ikaonekana dhaifu kuliko ilivyo.

Kila dai lina mshindani wake: maelezo mengine yanayoweza kuleta matokeo yaleyale, au kuyaficha, bila dai lenyewe kuhusika. Kabla ya kuuliza mpango upi ni bora, uliza mshindani gani unamwogopa zaidi. Mpango ni njia ya kumtoa huyo uwanjani, na kila mpango huwatoa baadhi tu.

Kabla na baada, au makundi mawili sambamba?

Mpango rahisi kuliko yote ni kupima, kufanya jambo, kisha kupima tena. Hauna gharama wala hauhitaji kundi la pili, tena unafanana na jinsi tunavyofikiri kila siku: jana kichwa kiliuma, nikameza kidonge, leo hakiumi.

Mshindani wake ni wakati. Mwaka 1952 Marekani ilikuwa na wagonjwa wa polio karibu 58,000. Mwaka uliofuata walikuwa takriban 35,000, na chanjo ilikuwa bado haijaanza kutolewa kwa umma. Mtu ambaye angegawa vidonge vya chaki mwanzoni mwa 1953 angeweza kudai amepunguza ugonjwa kwa zaidi ya theluthi moja, na takwimu zingemuunga mkono.

Kuna mshindani wa pili, mjanja zaidi, ambaye mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alimweleza katika karne ya 19 alipolinganisha urefu wa wazazi na watoto wao. Wazazi warefu mno huzaa watoto warefu, ila kwa wastani si warefu kama wao. Jambo hilohilo hutokea popote unapochagua walio pembezoni. Chukua wanafunzi kumi waliofanya vibaya kuliko wote katika mtihani, wape chochote, hata kofia nyekundu. Mtihani ujao wengi wao watapanda, kwa sababu sehemu ya alama zile mbaya ilikuwa siku mbaya tu, na siku mbaya haijirudii kwa kila mtu. Nadhani hakuna kosa linalouza bidhaa nyingi duniani kuliko hili, kwa kuwa watu hutafuta tiba pale hali inapokuwa mbaya kabisa.

Hata hivyo kabla-na-baada si mpango wa kutupwa. Kama kitu hakibadiliki chenyewe, athari ni kubwa na ya papo kwa papo, na unaweza kuirudisha hali ya mwanzo, unatosha. Ukibonyeza swichi taa ikawaka, ukabonyeza tena ikazima, mara kumi mfululizo, nani atakudai kundi la kulinganishia? Penginepo pote, weka makundi mawili yanayopita katika wakati uleule.

Kura, au mkono wa mtu mwema?

Ukishaamua kuwa na makundi mawili, lazima mtu au kitu kiamue nani aende wapi. Hapa ndipo majaribio mengi hufia, na mara nyingi huuawa na watu wenye nia njema.

Huko Lanarkshire, Uskoti, mwaka 1930, watoto wa shule 20,000 waliingizwa katika jaribio la kujua kama maziwa ya kila siku yanawasaidia kukua. Elfu kumi walipewa, elfu kumi hawakupewa, kwa miezi minne. Idadi hiyo ni ya kutia wivu hata leo. Watoto walichaguliwa kwa kura au kwa kufuata herufi za majina, lakini walimu waliruhusiwa kubadilisha pale ambapo kundi moja lilionekana kujaa watoto walioshiba au waliodhoofu kupita kiasi. Jiweke katika nafasi ya mwalimu huyo. Mbele yako yuko mtoto aliyekonda, na maziwa yapo. Utamweka kundi gani?

Watoto wasiopewa maziwa walianza jaribio wakiwa warefu na wazito kuliko waliopewa. William Gosset, mtakwimu aliyezoea kuandika kwa jina la Student, alilichambua jaribio hilo mwaka 1931 na kuonyesha kuwa watoto wale 20,000 hawakuweza kujibu kwa uhakika swali walilokusanyiwa. Aliona na jambo jingine dogo ambalo mimi hulipenda sana: watoto walipimwa uzito wakiwa wamevaa, kwanza Februari, kisha Juni. Nguo za baridi ni nzito. Mtoto wa familia yenye uwezo alivua uzito wa nguo nyingi kati ya vipimo hivyo viwili, na maskini alivua kidogo, kwa sababu hakuwa nazo tangu mwanzo. Kwa hiyo makundi yakishatofautiana kwa hali ya maisha, sehemu ya kilichopimwa ni makoti.

Pendekezo la Gosset lilikuwa la kushtua: jozi 50 za mapacha wanaofanana, mmoja apewe maziwa na mwenzake asipewe, zingeeleza zaidi ya umati ule wote.

Usidanganyike na njia zinazofanana na kura lakini si kura. Herufi za majina huwaweka ndugu pamoja. Namba shufwa na witiri kwa mpangilio wa kufika zinajulikana kabla, na anayeandikisha akijua kwamba anayefuata ataingia kundi lisilo na dawa, anaweza kumwambia mgonjwa mahututi arudi kesho. Jaribio la dawa ya streptomisini kwa wagonjwa wa kifua kikuu nchini Uingereza, lililochapishwa mwaka 1948, liliziba mwanya huo: ugawaji ulipangwa kwa namba nasibu na kuwekwa katika bahasha zilizofungwa, bahasha ikifunguliwa baada ya mgonjwa kukubaliwa. Baada ya miezi sita, kati ya wagonjwa 55 waliopata dawa walikuwa wamekufa 4, na kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu walikuwa wamekufa 14. Watu 107 kwa jumla, na hakuna aliyehitaji kubishana juu ya nani aliingizwa wapi.

Watu tofauti, au mtu yuleyule mara mbili?

Mapacha wa Gosset wanatupeleka kwenye uchaguzi unaowachanganya wengi. Kama mapacha ni wazuri kwa kufanana, je, si bora zaidi mtu alinganishwe na nafsi yake?

Mara nyingine ndiyo. Niliwahi kutaka kujua kama kelele za redio zinapunguza wepesi wa mtu kuitikia. Kifaa kilikuwa rula ya sentimita 30. Mmoja anaishika kwa juu, mwingine anaweka vidole chini bila kuigusa, rula inaachiwa bila onyo, na unasoma imedondoka sentimita ngapi kabla ya kunaswa. Sentimita 20 ni takriban sekunde 0.20. Sentimita 15 ni kama 0.175.

Mara ya kwanza nilipiga kura: watu watano kimya, watano na redio. Wa redio walishinda kwa mbali! Kumbe wawili kati yao walikuwa wachezaji wa mpira wa meza, vidole vyao vinainasa rula kabla wengine hawajapepesa. Kura haikukosea. Kura huahidi kutopendelea, haiahidi kwamba watu watano watafanana na watano wengine. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa kuliko athari niliyoitafuta, na idadi yangu ilikuwa ndogo.

Mara ya pili nikampima kila mtu katika hali zote mbili, kimya kwanza, redio baadaye. Redio ikashinda tena. Safari hii mshindani alikuwa mazoezi: kufikia zamu ya redio kila mmoja alikuwa ameshanasa rula mara kumi na vidole vimeshazoea. Mara ya tatu nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nusu waanze na kimya na nusu waanze na redio, kwa kura, na wote wapewe majaribio matano ya kuchangamsha vidole ambayo hayahesabiwi. Tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo kiasi kwamba nisingeweka dau juu yake.

Mpango wa mtu yuleyule basi ni bora pale watu wanapotofautiana sana na athari inapoisha upesi. Hauwezekani pale jambo la kwanza linapoacha alama ya kudumu. Huwezi kumchanja mtoto, kisha "kumchanjua" ili umpime upya. Aliyefundishwa njia moja ya kugawanya sehemu hawezi kurudi kuwa asiyejua. Hapo rudi kwenye makundi mawili, na kama una taarifa za awali, walinganishe watu wawili wawili wanaokaribiana, kisha ndani ya kila jozi ndiyo urushe sarafu.

Kujua, au kufumbwa macho?

Wengi hudhani kumficha mtu asijue nani kapata nini ni jambo la hospitali tu. Mwaka 1903 mwanafizikia René Blondlot wa Nancy, Ufaransa, alitangaza kwamba amegundua mionzi mipya inayoongeza mwangaza wa cheche hafifu. Wanasayansi kadhaa wa Ufaransa waliiona pia, ilhali wengine nje ya nchi hiyo walijaribu wakaambulia patupu. Mwaka 1904 Robert Wood, mwanafizikia Mmarekani, alikwenda kuitazama. Chumba kikiwa giza, aliuondoa kimyakimya mche wa alumini, yaani kipande chenye pande za pembetatu, uliodaiwa kuipinda mionzi hiyo. Blondlot akaendelea kusoma vipimo kana kwamba mche bado upo.

Blondlot hakuwa tapeli. Alikuwa mtu mwenye macho yaliyochoka, akikazia cheche inayokaribia kutoonekana, akijua ilipaswa kung'aa wapi. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mara nyingi hajui kuwa anavuta.

Chaguo hapa ni tatu: kumficha mshiriki, kumficha mpimaji, au wote. Wote ni bora, kama ilivyofanyika katika mpango wa bahati nasibu wa polio, ambako daktari aliyekutana na mtoto mwenye udhaifu usioeleweka wa mguu alipaswa kuamua kama ni polio au sivyo bila kujua alichodungwa. Lakini kuna mambo yasiyofichika. Huwezi kumficha mtu kwamba anakimbia kila asubuhi. Ikibidi nichague mmoja, mimi humficha mpimaji, kwa kuwa ni rahisi na watu hulisahau: mtu mwingine abandike namba badala ya majina, orodha ikae bahashani hadi vipimo viishe. Isipokuwa pale unapouliza maumivu, furaha au uchovu. Hapo mshiriki ndiye mpimaji, na asipofichwa yeye hujaficha kitu.

Wangapi wanatosha?

Mwaka 1935 mtakwimu Mwingereza Ronald Fisher alieleza jaribio la mwanamke aliyedai anaweza kuonja chai akajua kama maziwa au chai ndiyo iliyotangulia kikombeni. Andaa vikombe vinane, vinne vya kila aina, vipangwe kwa bahati nasibu, naye avitenge vinne vinne. Anayebahatisha tu anaweza kupatia vyote kwa njia 1 kati ya 70.

Linganisha na chaguo nyingine. Ungetumia vikombe vinne, viwili kwa viwili, mbahatishaji angefaulu mara 1 kati ya 6. Hiyo ni kama kurusha dadu, nani atashtuka? Vikombe sita vinakupa 1 kati ya 20. Vinane, 1 kati ya 70. Vikombe viwili vya nyongeza vinabadilisha kabisa uzito wa ushahidi. Ila ukiamua kumsamehe kosa, yaani kukosea kikombe kimoja cha kila upande, nafasi ya mbahatishaji inaruka hadi 17 kati ya 70, karibu robo. Ndiyo maana kiwango cha kufaulu kiandikwe kabla ya kikombe cha kwanza kuonjwa. Vivyo hivyo idadi. Anayeendelea kupima huku akichungulia matokeo, akasimama siku yanapompendeza, atapendezwa mara nyingi kuliko anavyostahili.

Ila kabla ya kuhesabu wangapi, hakikisha unahesabu kitu sahihi. Weka samaki 20 katika tangi lenye maji ya uvuguvugu na 20 katika tangi la maji ya kawaida. Una samaki 40, lakini una matangi mawili tu. Tangi moja likiingia ukungu, samaki wote 20 wanaathirika pamoja. Ulichogawa ni joto la tangi, si la samaki, kwa hiyo kila upande una idadi ya moja. Matangi kumi yenye samaki wanne wanne ni jaribio bora mara nyingi zaidi, kwa samaki walewale. Hali kadhalika, kulipima jani moja mara thelathini kunakueleza uthabiti wa rula yako, hakukuelezi lolote kuhusu mimea.

Na kuna kosa ambalo wingi hauligusi. Mwaka 2011 watafiti wa jaribio la OPERA waliripoti kwamba nyutrino, chembe ndogo mno, zilizosafiri takriban kilomita 730, kutoka maabara ya fizikia ya CERN karibu na Geneva hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, ziliwahi kwa kama nanosekunde 60 kuliko ambavyo mwanga ungefika. Walikuwa wamekusanya maelfu ya matukio na takwimu zao zilikuwa imara. Mwaka 2012 ikabainika kwamba kebo ya nyuzi za mwanga katika mfumo wa saa haikuwa imekazwa sawasawa. Wangerudia mara milioni wangepata jibu lilelile. Mshindani wa aina hiyo hutolewa na kifaa kingine, kilichotengenezwa na watu wengine.

Pale ambapo huwezi kugawa

Huwezi kumpangia mtu kuvuta moshi au kunywa maji machafu. Hapo unabaki kuchunguza yaliyopo, na tofauti kati ya uchunguzi mzuri na mbaya ni kama umeipata sehemu ambayo dunia ilipiga kura kwa niaba yako. Daktari John Snow aliipata London mwaka 1854, wakati wa kipindupindu. Kampuni mbili zilisambaza maji katika mitaa ileile, mabomba yakipishana nyumba kwa nyumba, tajiri na maskini bila mpangilio. Moja ilichota Mto Thames ndani ya jiji, penye majitaka, na nyingine ilikuwa imehamisha mdomo wa bomba lake juu zaidi. Vifo vilikuwa 315 kwa kila nyumba 10,000 za kampuni ya kwanza, na 37 kwa za pili. Kama kila kampuni ingekuwa na mitaa yake, mshindani aitwaye "mtaa wenyewe" angebaki uwanjani.

Badilisha kimoja, au viwili kwa pamoja?

Shuleni tulifundishwa badilisha kigeu kimoja, yaani jambo moja linaloweza kubadilika, vingine vyote vibaki palepale. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, na nitaisema vibaya kidogo.

Tuseme una vikombe 24 vya miche na unataka kujua athari ya mbolea na ya mwanga. Kwa kanuni ya shule utakuwa na makundi matatu ya vikombe vinane: kivulini bila mbolea, kivulini na mbolea, mwangani bila mbolea. Tuseme wastani wa urefu unatoka sentimita 10, 10 na 12. Utaandika kwamba mbolea haina maana na mwanga unasaidia kidogo.

Sasa vigawe vikombe hivyohivyo katika makundi manne ya sita sita, ukiongeza lile lililokosekana: mwangani na mbolea. Tuseme hilo linatoka sentimita 20. Mbolea iliyokuwa "haina maana" imegeuka kuwa karibu kila kitu, mradi mche uwe na mwanga wa kuitumia. Kanuni ya shule isingeweza kuliona hilo, si kwa sababu ya uzembe, bali kwa sababu kikombe cha kulionyesha hakikuwepo mezani. Na usahihi haukupungua. Katika mpango wa kwanza kila athari ililinganishwa kwa vikombe vinane dhidi ya vinane. Katika wa pili, athari ya wastani ya mbolea inapimwa kwa 12 dhidi ya 12, na ya mwanga vilevile, maana kila kikombe kinafanya kazi mbili. Vikombe ni 24 vilevile.

Kinachozuia ni idadi ya mambo unayotaka kuchanganya. Viwili ni makundi manne, vitatu ni manane, vitano ni 32, na mikono yako ni miwili. Kwa jaribio la kwanza la mtu, ningechukua viwili.

Kivuli kifanywe kwa boksi juu ya kila kikombe kinachohusika, si kwa kuvisogeza vyote kona moja ya chumba, usije ukarudi kwenye matangi ya samaki. Nani apate nini iamuliwe kwa vikaratasi 24 vilivyokunjwa ndani ya kofia. Nafasi za vikombe mezani zichanganywe upya kila asubuhi, kwa sababu dirisha nalo ni kigeu hata kama hukulialika. Siku ya kupima iandikwe leo. Na itakapofika, maboksi yaondolewe kwanza, kisha rula ashike mtu ambaye hakuwepo wakati vikaratasi vinafunguliwa.